Radio ya Bagardi Ilinisikia ku Kilwa

Batu yangu, kile kilinifikia ku Kilwa hamutakiamini. Mama mukwe wangu, mwenye sijawahi kuongea naye hata neno moya, aliniongelesha mbele ya kanisa nzima. Na sauti yake ilitoka mu mukono wangu!

Bon. Mimi mutoto wa Pweto, ku Congo, lakini mama yangu anauzishaka samaki huku Nchelenge, ku Zambia, na huku njo nilimupata Jessy, mwenye nataka kuoa. Baba yake, Ba Sampa, iko na lisansi ya radio amateur. Ni bale batu banaongeaka ku radio juu ya kuipenda tu, hapana biashara. Kampuni moya ya bagardi, bale balinzi ba usiku, ilifunga, ikamuachia radio mbili za mukono, za zamani, nzito kama tofali. Ndani mulikuwa canal, zile njia za kuongelea, za bagardi tu.

"Mwana, weye unajuaka mambo ya simu," akaniambia. "Uzibadilishe."

Ah, nilifurahi! Nikaangalia video ku simu, nikafunga radio na kabo ku laptop ya rafiki, nikafuta canal za bagardi, nikaweka ya Ba Sampa. Mu programu mulikuwa fasi moya imeandikwa VOX. Sikujua ni nini. Nikaiweka alama, juu nilifikiri kila kintu ukikiwashia, radio inakuwa na nguvu zaidi.

Sasa musikie desturi ya kwao. Kabla bakufanyie sherehe ya kukuingiza ku nyumba, mukwe haongei na mama ya bibi yake, hata kuangaliana. Anakupikia, bukari, ni kusema ugali, na samaki zinakuja mu bakuli zimefunikwa, unakula kwenu. Ukiwa na neno, shibukombe, mujumbe wa ndoa, njo anakupelekea. Shibukombe wangu alikuwa Willy.

Siku ya kujaribu, mimi na Willy tulipanda boti, tukakata ziwa Mweru mpaka Kilwa na radio moya. Ba Sampa alibakia kwao ku Kashikishi na ingine, antena juu ya mulingoti murefu, akaita batu ba kanisa bakuje kusikiliza.

Tulipofika, nikawasha radio, tukakaa kungoja aanze kutuita. Willy akaanza kunichokoza.

"We mukwe! Banakupikia kila juma, mbona haunone?"

"Ninone na nini? Ile samaki ni chumvi na miiba tu. Mbwa ya jirani njo inanona."

Willy akacheka mpaka akalala ku muchanga. Na mimi, mujinga, nikaongeza: "Yule mama akipika, ziwa Mweru yenyewe inaomba maji!"

Ku radio taa nyekundu ilikuwa inawaka. Nilifikiri ni ya betri. Tulinyamaza, ikazimika, na sauti ya Ba Sampa ikatoka polepole:

"Mwana, tunakusikia. Tangu ku miiba."

Njo nikajua VOX ni nini. Ukisema tu, radio inajifungua yenyewe, hata kama haukufinya bouton.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamuke, mama ya Jessy: "Ba Sampa, nipe hiyo kintu." Akaniambia mimi: "Mukwe. Chumvi ni mingi namna gani? Unijibu weye. Hapana Willy."

Simu ikalia. Ni message ya Jessy: *Mama analia. Mujibu, ao usirudi kwetu.*

Nikamusukumia Willy radio. Akairudisha mbio. "Apana, baba! Leo shibukombe amekufa!" Na ile pia bote balisikia.

Nikafungua kinywa. Nilitaka kusema Mama. Ikatoka hivi: "Ba Sampa... baba, munisamehe. Nilikosa."

Mama ya Jessy akajibu: "Sampa hakupika." Na radio ikakufa.

Batu banasema nilifanya muzuri, mukwe haongei na mama mukwe, hiyo ni heshima. Uongo. Wakati wa kumutukana sikukumbuka desturi. Wakati wa kuomba musamaha njo niliikumbuka, nikajificha ndani yake, na si hata desturi ya kwetu.

Bakuli haikuji tena. Jessy anasomaka message zangu, lakini hajibu.

Sasa weye mwenye unasoma, uniambie, usinihurumie. Kanisa yote inasikiliza, mama analia, radio iko mu mukono. Ungefanya nini?