Mtihani wa Mwanasesere

Fortunata alikuwa amekwisha kufa ganzi kwa kazi ile, wala hakuona haya kukiri. Msaidizi wa utafiti wa usonji analipwa atazame, halipwi asikitike. Kila siku alitoka Same mjini, akapanda milima kwa bodaboda hadi Chome huku mgongo ukimlilia, akafungua begi lenye mwanasesere, kikombe na kijiko, akamwita mtoto kwa jina, akaandika alama. Mama akilia, anampa kitambaa. Jioni anashuka, anakula wali wake, analala fofofo.

Siku hiyo, katika chumba cha Shule ya Jumapili walichoazimwa, aliletewa Bahati, msichana wa miaka sita. Mama yake, Yudith, mkulima wa tangawizi, alikuwa amevaa gauni la kanisani, na mtoto amempaka mafuta hadi anang'aa.

"Bahati!" Fortunata aliita.

Mtoto akageuka papo hapo, akamkodolea macho. Hapo Fortunata alishtuka kidogo. Watoto wa milimani huinamisha kichwa mbele ya mkubwa ili waguswe utosini, ndiyo salamu yao. Huyu alimtazama kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Akampa mwanasesere. Bahati akamlisha, akamfuta mdomo, akamweka mgongoni, akampigapiga. Alama za juu tupu. Kule pembeni midomo ya Yudith ilikuwa ikichezacheza, kama mwalimu wa kwaya asiyewaamini waimbaji wake.

Fortunata akamchukua mwanasesere, akamtia begini, akafunga zipu. Bahati hakujali. Akailisha hewa. Akaifuta mdomo, akaiweka mgongoni, akaipigapiga, kisha akaanza upya.

"Amefaulu?" Yudith aliuliza, meno yote nje.

"Mama Bahati, nani amemfundisha haya?"

"Mimi, dada! Tangu Krismasi. Mtoto wa Blandina jirani yangu alifeli, basi nikamwomba Blandina anieleze kila mlichomfanyisha. Nikasema, wangu hafeli ng'o."

"Na nyumbani yukoje?"

Yudith akashusha sauti. "Nyumbani hasemi neno. Unamwita, unamwita, haitiki hata moto ukiwaka. Lakini hapa amefanya vizuri, au siyo?"

Ikabidi Fortunata amweleze. Huu haukuwa mtihani. Mtoto mwenye alama za chini ndiye anayepewa mwalimu wa kumsaidia kuzungumza, kule Hedaru, na gari linamfuata nyumbani. Mwenye alama za juu anaambiwa asante, kwa heri. Wasaidizi walikatazwa kuyasema hayo kabla ya kipimo, eti wazazi wasije wakawaelekeza watoto. Haya, mambo ndiyo hayo! Na kipimo hakirudiwi hadi mwaka upite, na mwakani Bahati atakuwa ameshavuka umri wa utafiti.

Aliyasema yote kwa sauti ile ile anayoitia majina ya watoto. Alijipekua moyoni atafute huzuni, akakuta njaa tu.

Yudith akauvuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa gauni.

"Mtoto wa Blandina anafuatwa na gari," alisema. "Nilidhani wanampeleka hospitali. Nilimwonea huruma."

"Anakwenda kwa mwalimu."

"Kwa hiyo ningemwacha wangu kama alivyo..."

"Angepata."

Nyuma yao Bahati alikuwa bado anaifuta hewa mdomo.

"Mpime tena, dada. Sasa hivi. Nitamwambia asahau."

"Sina ruhusa, mama Bahati."

Lakini Yudith alikuwa amekwisha piga magoti sakafuni na gauni lake la kanisani, amemshika mtoto mabega.

"Sahau, mama," alimwambia. "Yale yote niliyokufundisha, yasahau."

Bahati akamtazama machoni, bila kupepesa, sawasawa na alivyofundishwa.