Udi wa Ng'ambo

Sanda ya Mama tuliifukizia ng'ambo ya mto. Niliipeleka kijiji cha Barani kwa mama mdogo, nikairudisha kwa daraja la Sabaki nimeipakata, udi umenijaa puani na hasira kifuani. Mlangoni wanawake wakanong'ona: msiba gani huu, nyumba hainukii?

Wangejuaje? Mwaka mmoja nyuma alikuja Nyokabi, binti wa bara aliyekuwa akipima hewa kando ya mto, akatundika kidude cheupe barazani petu, pale unapopitia moshi wa tanuru la chokaa. Mama alikuwa na pumu. Tanuru likiwashwa alilala ameketi, nami nikizunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Tulikwisha kushtaki, mwenye tanuru akatucheka, akatuuliza ushahidi uko wapi.

Alhamisi ya kwanza Mama akawasha chetezo, akakiweka chini ya kidude. Nyokabi aliporudi kusoma vipimo alikuna kichwa.

"Shikamoo, Mama. Alhamisi jioni mlichoma nini hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Nilimfukiza mgeni. Mgeni atakaaje kwangu bila udi?"

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nyokabi hakucheka. Alitueleza kwa upole kwamba kidude hakijui udi wala chokaa, moshi kwake ni moshi, na mwenye tanuru akiuona huo atasema twajichafulia wenyewe.

Mama akapandisha chetezo juu ya kabati. Idi ikaja ikapita, nyumba kavu. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Kila nikikiteremsha, ananirudisha nacho.

"Hata siku yangu, Kulthum," aliniambia akihema, "usinifukizie hapa. Wasije wakasema ni mimi."

Siku yake ilipofika, jeneza likitoka, tanuru lilikuwa likiwaka. Moshi ukashuka hadi barazani, wanawake wakajiziba kwa mitandio. Nilitamani niende nikalizime kwa mikono yangu. Sikwenda. Nilisimama karibu na kidude, nikakiacha kifanye kazi yake.

Baada ya matanga Nyokabi alikuja kunipa pole. Akanionyesha kwenye simu mstari wa siku ile, umepanda kama mnazi.

"Wote huu ni wa tanuru?" nikamwuliza.

"Wote. Wenu haumo."

Nikaingia ndani, nikateremsha chetezo. Kilikuwa kimeota vumbi jeupe. Nikakifuta kwa leso ya Mama, nikakirudisha juu ya kabati, maana kesi bado haijaamuliwa.