Utepe wa Jengo la Wazapoteki

Je, kisasi kilichovaa nguo za sherehe bado ni kisasi?

Mwezi Machi, Don Anselmo, mkuu wa chuo chetu, aliamuru mama yangu Eufrosina aondolewe langoni pamoja na kikapu chake cha tamale za kuuza, vitonge vya unga wa mahindi vilivyopikwa ndani ya majani, kwa madai kwamba mavazi yake ya Kizapoteki, ya kabila letu la asili, yanafanya chuo kifanane na soko. Mwezi Agosti aliniita ofisini huku akitabasamu.

"Binti Eustolia, jengo jipya tumelipa jina la watu wako wa kale. Uwe mama yake wa ubatizo, ukate utepe. Vaa lile vazi la tarizi la mama yako, litapendeza pichani."

"Nitalivaa, Mkuu."

Hakujua kwamba kwetu nyumba iliyokataliwa na mama yake wa ubatizo haikanyagwi na mtu. Nao wafagizi, wapishi na mafundi wa chuo wote ni watu wetu.

Siku ya ufunguzi mama alisimama ng'ambo ya barabara, kikapu kichwani.

"Kata basi, mwanangu," Don Anselmo akaninong'oneza, "mgeni rasmi ana njaa."

"Tamale ziko pale ng'ambo," nikamjibu kwa sauti. Wafagizi wakacheka.

Nikaweka mkasi mezani, nikaugeukia umati.

"Jengo hili nimelikataa. Sitakata utepe mpaka Don Anselmo avuke barabara, amwombe mama yangu radhi mbele yenu, na amrudishe langoni."