Nukta Isiyo na Mwenzake

Mwalimu Teofil Ursache alikuwa amelala kitandani na koti lake zito na kofia ya manyoya, kwa kuwa mabomba ya joto katika majengo ya mji wa Iași, Romania, yalikuwa baridi kama kaburi. Smaranda Botez, aliyefundishwa naye jiometri tangu utotoni na sasa akiifundisha chuoni, alivuta kiti, akaziweka karatasi za mzee mapajani.

"Soma mpaka mwisho, mwanangu. Kesho wananipasua. Nataka niende nikijua kazi yangu imesimama au imeanguka. Na usinidanganye kama daktari."

"Daktari kakudanganya nini?"

"Eti Pasaka nitacheza dansi. Mimi! Hata kwenye harusi yangu sikucheza."

"Ulikuwa unachora pembetatu kwenye kitambaa cha meza!" mkewe Aglaia akadakia kutoka jikoni.

Smaranda alicheka, akasoma. Kazi ilihusu nukta wenza. Chukua nukta, uiunganishe na vipeo vitatu vya pembetatu. Kisha katika kila kipeo uugeuze mstari wako upande wa pili wa ule unaoigawa pembe nusu kwa nusu, kama sura kiooni. Mistari mitatu mipya hukutana mahali pamoja, na hapo ndipo alipo mwenza. Tangu alipostaafu, mzee hakuwa na kazi nyingine.

Katikati ya karatasi, Smaranda alirudi nyuma, akausoma mstari mmoja mara ya pili. Nukta ya mzee ilikuwa imeangukia juu ya duara lipitalo katika vipeo vyote vitatu. Hapo mistari mipya huwa sambamba, haikutani kamwe. Mwenza hayupo, na yote yaliyofuata yalimtegemea yeye.

Darasani kwa Mwalimu Ursache, hakuna aliyeruhusiwa kuupitisha uthibitisho wa namna hiyo kabla ya kusimama na kuuliza kwa sauti: nukta iko juu ya duara? Aliyesahau aliutazama ubao hadi kengele. Smaranda alipata kuutazama, machozi yakimtiririka.

Aglaia aliingia na chai. Nyuma ya kichwa cha mumewe, macho yake yalimsihi mgeni.

"Imesimama, Mwalimu," Smaranda akasema.

"Yote?"

"Yote."

Mzee alivua miwani, akaifuta polepole kwa pindo la blanketi.

"Tangu siku ile uliyolia ubaoni hujawahi kulisahau swali langu. Leo hujaniuliza."

Smaranda alizipanga upya karatasi mapajani.

"Teofil, kunywa chai," Aglaia akasema.

"Ngoja, mama." Mzee aligeukia ukutani. "Haya, niulize. Kama nilivyokufundisha."

Smaranda akasimama, mikono nyuma.

"Mwalimu, nukta iko juu ya duara?"

Chai ilipoa mikononi mwa Aglaia.

"Iko," mzee akajibu, akaivuta kofia hadi machoni.