Paja la Mkwe

Kwenye kile kijiji cha ujamaa kilichokaa kati ya Butiama na Bunda hapakuwa na mtu aliyejua mpira kama Wanzagi, na ukibisha shauri yako. Alikuwa mkulima wa pamba, mwenye ng'ombe wa kumtosha na sauti ya kuwatosha hata waliokosa ng'ombe. Timu ya kijiji ikicheza, yeye alisimama pembeni ya uwanja tangu wachezaji wanapasha miili moto mpaka refa anachukua baiskeli yake kwenda zake. Kesho yake asubuhi, kwenye ghala la pamba, aliucheza mpira ule ule upya, pasi kwa pasi, mpaka karani wa mizani anamwomba jamani anyamaze kidogo, watu wanapima.

Msimu huo, mwaka wa pili tangu Operesheni iwakusanye watu kijijini, ubishi ulikuwa mmoja tu: nani aanze senta hafu siku ya kukutana na Buhare, timu ya Musoma. Nafasi hiyo alikuwa nayo Leodgar, dereva wa trekta la kijiji, mtu wa watu, ila magoti yake yalikuwa yameanza kulalamika kabla ya mwenyewe. Nyuma yake alikuwepo kijana mmoja, Burito, mrefu, mpole, ambaye bado alikuwa anajifunza kazi. Na senta hafu wa siku zile ndiye aliyekuwa timu yenyewe. Mpira wote ulipita kwake, naye ndiye aliyeamua winga apewe sasa au asubiri. Ukimweka mtu mbichi pale, timu nzima inakuwa mbichi.

Kija, Msukuma wa upande wa Bunda aliyekuja kuoa na kuhamia hapo, alikuwa upande wa Burito tangu mwanzo. Alikaa juu ya magunia ya pamba akisema kijana aanze, mwacheni akosee, atajifunza wapi kama si uwanjani. Wanzagi alimjibu kwa hoja nyingi kuliko magunia yenyewe. Kijana mguu wa kulia hana. Kijana anaona haya kuwafokea wakubwa, na senta hafu asiyefoka ni mpita njia. Halafu kubwa kuliko yote, anachelewaga kuachia mpira.

"Anachelewaga," alisema, akipiga gunia kofi. "Mpaka anaamua, Buhare wameshafunga, wamekula, wamelala."

Watu walikuwa wanaangaliana na kutabasamu. Kija alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Kila mtu pale ghalani alijua Wanzagi ana lake jambo, na jambo lenyewe halikuwa mguu wa kulia.

Jambo lilikuwa hivi. Wanzagi alikuwa na binti mmoja tu, Boke, na Boke alikuwa amependwa na Burito, naye akapendeka. Mama yake, Wankyo, alikuwa amekwisha kukubali kabla mumewe hajaulizwa. Wazee wa upande wa kijana walikuja, walikunywa, waliongea, na baada ya masika ng'ombe wakaingia zizini kwa Wanzagi. Ng'ombe wakishaingia, Burito si kijana wa watu tena, ni mkwe. Na kwao mkwe ana heshima yake: hampeani mikono, hamli sahani moja, mkikutana njiani mmoja anapisha kwenye majani. Zaidi ya yote baba mkwe haoni mwili wa mkwewe, na mwili kwa wazee ulianza pale suruali inapoishia.

Sasa bukta za mpira za siku hizo, Mungu azisamehe, ziliishia pale aibu inapoanzia. Burito akiwa benchi, suruali yake ndefu mguuni, Wanzagi angeweza kutazama mpira mpaka macho yachoke. Burito akianza, Wanzagi basi. Hatatazama tena timu yake, si mwaka huo, si mwaka ujao, mpaka kijana azeeke au bukta zirefuke.

Alijaribu kila mlango. Alikwenda kumuuliza padri, ambaye alicheka sana na kumwambia kanisa halina neno, goti la mtu si dhambi. Alirudi amefurahi, akamweleza mama yake mzazi, na bibi yule akamuuliza kama padri ana wakwe. Hapo safari ikaishia.

Kija naye alimsaidia kwa namna yake. Siku moja alisimama kwenye mizani akapendekeza kwa sauti ya mkutano kwamba kijana achezeshwe golini, maana golikipa anaruhusiwa kuvaa suruali. Siku nyingine akasema Mama Boke amfunge kitenge kiunoni, waone kama Buhare watathubutu kumkaba. Ghala zima lilicheka, na Wanzagi alicheka pia, kwa sababu ukimnunia Kija unampa chakula cha wiki nzima.

Lakini akiwa shambani peke yake hakucheka. Yeye ndiye aliyemwona Burito wa kwanza, kabla ya posa, kabla ya Boke. Kijana alikuwa anacheza na wachunga ng'ombe kwenye mbuga, mpira wa matambara, na Wanzagi alisimamisha baiskeli akatazama mpaka akasahau alikokuwa anakwenda. Kijana alikuwa anaupokea mpira na kuunyamazisha, halafu anainua kichwa kama mtu anayetafuta nyumba ya kubisha hodi. Tangu siku hiyo Wanzagi alikuwa anangoja kumwona amevaa jezi ya kijiji, yuko katikati ya uwanja, timu nzima inamsikiliza. Na sasa kati ya watu wote wa Mara, yeye ndiye aliyekatazwa kumtazama. Ilimuuma, na uchungu wake aliugeuza kuwa hoja.

Siku zile hata mbegu ya choroko haikupandwa bila kikao, sembuse timu ya kwenda Musoma kucheza fainali ya Sabasaba. Clementi, bwana shamba, ndiye aliyekuwa mwalimu wa timu, na alijua mpira kiasi, lakini aliijua zaidi siasa ya kijiji. Akaitisha kikao. Kija alizungumza vizuri, watu wakaitikia. Kisha akasimama Wanzagi, na alipokwisha kueleza habari za magoti yenye uzoefu dhidi ya magoti yasiyojua lolote, hata waliokuwa upande wa Burito walianza kumwonea huruma Burito kwa mzigo aliotaka kutwishwa. Mikono ikanyooshwa. Leodgar aanze. Burito, aliyekuwa amesimama mlangoni kabisa kwa heshima ya mkwe, alisikia yote akaondoka.

Usiku huo Wankyo alimwekea mumewe ugali na sato, akamwacha ale kwanza.

"Baba Boke," akasema, "mtoto wa watu umemwonea."

Wanzagi alisema sato ana miiba mingi siku hizi.

Siku ya Sabasaba lori la pamba liliwabeba wachezaji na mashabiki mpaka Musoma, wakiimba njia nzima. Burito alikalishwa mbele kwa dereva, maana huwezi kumbananisha mkwe na wakwe zake nyuma ya lori moja. Safari hii Wankyo naye alikuja. Mpira hakuupenda wala kuuelewa, ila alikuwa na dada yake Kitaji wa kumsalimia, na baadaye akaja uwanjani na kukaa kwenye majani karibu na Boke.

Buhare walikuwa wepesi. Vijana wao walikuwa wamegundua mapema kwamba senta hafu wa watu wa pamba anageuka kama trekta lake, kwa kuzunguka shamba zima. Wakapitia hapo hapo, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu wakafunga. Leodgar alikuwa anajitahidi mpaka unataka kumshika mkono umpumzishe. Kila aliposhindwa kumfikia mtu, Wanzagi alihisi ni yeye aliyeshindwa. Alikuwa anatazama mpira kama alivyotaka, wote, bila kizuizi, na haukumwingia hata kidogo. Aliona pasi ambazo Burito angezipiga. Aliziona wazi kuliko zilizopigwa.

Mapumziko yalipofika, Clementi hakwenda kwa wachezaji. Alikuja moja kwa moja kwa mashabiki.

"Ndugu zangu," akasema, "Leodgar mwenyewe anaomba apumzike. Lakini kikao kiliamua, na mimi si mtu wa kuvunja kikao. Kikao ni nyinyi. Mnasemaje?"

Hata Kija, ambaye hajawahi kukosa neno, alijishughulisha na kifungo cha shati lake. Wote walimtazama Wanzagi, kwa sababu yeye ndiye aliyekigeuza kikao, na kwa sababu walijua wanamwomba nini. Kule benchi Burito alikuwa amekaa na suruali yake ndefu, mikono katikati ya magoti, macho chini.

Wanzagi alisimama.

"Kijana yuko tayari," akasema. "Toka masika yuko tayari. Nilikuwa nawadanganya, na nyinyi mlikuwa mnajua. Mwingizeni."

Akageuka. Hakungoja kuona suruali ikivuliwa. Aliupa uwanja mgongo, akasimama hivyo, mikono nyuma, akiwatazama watu wake wa kijiji usoni, mmoja mmoja, nao wakawa hawajui waangalie wapi. Mashabiki wa Buhare walimwona. Mmoja akapaza sauti kumuuliza mzee umepoteza nini huko, na wengine wakacheka.

Wankyo naye aliinuka kutoka kwenye majani. Mama mkwe ana heshima hiyo hiyo, tena zaidi. Akaja akasimama kando ya mumewe, bega kwa bega, wakautazama umati kama maharusi wanaopigwa picha.

Kipindi cha pili kikaanza. Kija alijitolea kuwa redio. Alitangaza kwamba Burito ameanguka, kwamba Burito amepiga mpira umeingia ziwani, kwamba Burito ameomba ruhusa akanywe uji, na Wanzagi alimwambia aache ujinga. Halafu ghafla Kija akanyamaza. Alikuwa amesahau kutangaza. Mdomo wake ulikuwa wazi, macho yanakwenda kushoto, kulia, kushoto, na Wanzagi alimwita mara kadhaa asiitikiwe.

"Kuna nini?" Wankyo akauliza. Hakuwahi kuuliza habari za mpira tangu waoane. "Mbona wamenyamaza?"

Wanzagi alitafuta uso wa kusoma, akaupata wa binti yake. Boke alikuwa amesimama nyuma ya wasichana wenzake, kitenge amekishika kifuani, na macho yake hayakufuata mpira. Yalimfuata mtu mmoja. Kwa mtu aliyejua mpira kama Wanzagi, hiyo ilitosha kabisa.

"Anao yeye," akamwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Ameutuliza. Ameinua kichwa. Sasa wanamjia, mmoja, wa pili... hauachii. Ngoja. Hauachii kwa makusudi, anawaita. Winga anakimbia kulia. Ngoja, Mama Boke, ngoja..."

Macho ya Boke yaliruka mbali upande wa kulia. Mkono ukaenda mdomoni. Kisha kijiji kizima kikapaa juu, na Kija akamkumbatia karani wa mizani ambaye alikuwa haongei naye tangu Pasaka.

"Ni yeye?" Wankyo akauliza, akimvuta mumewe mkono wa shati. "Ni mtoto wetu?"

"Pasi yake," akasema Wanzagi, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kificho mbele ya watu wote. "Nani mwingine angeipiga."

La pili waliliona hivyo hivyo, usoni kwa Boke, na safari hiyo Wankyo alilisoma kabla ya mumewe. Filimbi ya mwisho ilipolia, kikombe kilikuwa chao.

Lori liliondoka Musoma jua bado lipo. Nyuma kila mtu alikuwa na namna yake ya kusimulia bao la kwanza. Mmoja alisema winga ndiye aliyelitafuta, mwingine alisema ni bahati tu, beki wa Buhare aliteleza. Wanzagi alivumilia mpaka walipoipita Bweri. Kisha akasimama, akashika vyuma, akasogea mbele kabisa mpaka kwenye kidirisha kidogo cha nyuma ya dereva, na akiwa amewageukia watu wa lori, sauti yake ameielekeza kule kwenye kioo, akaanza.

Alisimulia bao lile tangu mpira ulipotulizwa. Alieleza kwamba beki hakuteleza, alitelezeshwa. Alieleza kwamba yule aliyekuwa na mpira alikawia kwa akili, kwamba kukawia kule ni kitu cha kuzaliwa nacho, wala Buhare, wala Musoma, wala Bunda yote haina mtu wa namna hiyo. Alisema hatataja jina la mtu, kwa heshima. Alisema tu kwamba aliyezaa mtoto wa namna ile alizaa, na atakayepata wajukuu kwake ana bahati.

Hakuna aliyembishia. Kija peke yake ndiye aliyemuuliza, taratibu, bwana wewe umeonaje yote hayo ukiwa umeupa uwanja mgongo, na Clementi akamwambia Kija anyamaze.

Wanzagi alipomaliza, aligeuka kidogo kushika chuma vizuri, na jicho lake likapita kwenye kidirisha. Kwenye kabini Burito alikuwa amekaa, ameinamisha kichwa, na kisogo chake kilikuwa kinatikisika kama cha mtu anayecheka au anayelia. Wanzagi aliyakumbuka makatazo yote ya wazee, moja baada ya jingine, kwa uaminifu. Hakuna lililosema neno kuhusu kisogo. Basi akakitazama, hakuacha kukitazama, mpaka nyumbani.