Picha Zisizo na Vichwa

Bosibori alianza kusikia kinyaa kabla ya jambo lolote kutokea, na akajikemea. Mzee Onsongo alikuwa anakula kuku, basi. Kula kuku si dhambi. Alikuwa amekunja mikono ya koti hadi karibu na viwiko, akivunja mfupa, akiunyonya, akiulaza kando ya sahani, kisha akijifuta vidole kwa tonge la ugali na kulimeza tonge lenyewe. Bosibori aligeukia dirisha la hoteli, ambako mji wa Kisii ulikuwa unalowa mvua yake ya kila mchana, akajiambia: huyu ndiye mwenye pesa, vumilia.

Na pesa alikuwa nazo. Alikuwa na mashamba ya chai kule Ekerenyo, nyumba za kupangisha hapa mjini, na kiti cha mbele kanisani, ambako hakuchoka kusimama na kuwakemea wasichana wa kwaya kwa urefu wa sketi zao. Leo alikuwa amekubali kula na vijana wawili waliotengeneza Mshono, programu ya simu ya mafundi cherehani wanaojifanyia kazi bila duka. Akitia pesa, Mshono ungeingia sokoni. Akikataa, mwisho wa mwezi mwenye nyumba angefunga chumba chao cha kazi, na jasho lote la Bosibori lingekwenda na maji. Hilo alilijua yeye, na alilijua zaidi mwenzake Gibson, aliyeketi upande wa pili wa meza amevaa koti la kuazima, akicheka kila mzee alipopumua.

Kazi waliigawana tangu mwanzo: Gibson mdomo, Bosibori mikono. Yeye ndiye aliyechora kila ukurasa na kila kitufe, na hakuchora kwa kubahatisha. Alipanda hadi Ekerenyo kwa Loice, mama mshonaji ambaye hushona sebuleni kwake, akakaa pale akitazama kazi inavyokwenda. Shida kubwa ya Loice ilikuwa moja: wateja wake husahau miili yao. Mwanamke anapimwa akiwa mwembamba, anarudi kuchukua nguo amenawiri, nguo inakataa kupita mabegani, na lawama zote ni za fundi.

"Mimi nataka kitu ya kunionyesha alikuwa aje siku ile nilimpima," Loice alimwambia. "Akianza maneno, namwonyesha, ananyamaza."

Basi Bosibori akaweka mahali pa picha. Mbele, ubavuni, nyuma, na vipimo chini yake. Siku ya kuijaribu wakaja wanawake watatu pamoja, wakaza wana wa boma la Onsongo, kupimwa sare za kijani. Baba mkwe wao alikuwa anaandaa sherehe ya shukrani, na walitakiwa wahudumie wageni wakiwa wamependeza.

Wanawake hao walikuwa wamewapita mafundi wanaume wote wa sokoni kabla ya kufika kwa Loice, na kila Mgusii angeelewa kwa nini. Kuna kitu kinachoitwa chinsoni, heshima ya aibu kati ya mzazi na mtoto, na inakaza zaidi kati ya mzee na mke wa mwanawe. Mzee haingii chumbani kwa mwanawe. Hamkazii macho mke wa mwanawe. Mwili wake hautaji hata kwa mzaha, na mke naye hajianiki mahali ambapo habari za mwili wake zinaweza kutembea hadi kwa mzee. Mdogo wao, aliyekuwa na kovu la mafuta ya maandazi mkononi, aliishika sketi yake kiunoni bila kuivua.

"Na hii simu, nani mwingine anaangalia?"

"Ni Loice peke yake," Bosibori akajibu. Na ili kumtuliza zaidi, akamwonyesha ujanja wake: programu inakata kila picha shingoni. Hakuna uso, hakuna mtu. Wanawake wakacheka, wakabaki na petikoti mbele ya pazia la Loice lenye maua ya zambarau, wakapigwa picha. Siku hiyo Bosibori alirudi mjini akijiona ana akili.

Sasa Gibson akasogeza sahani, akaweka tableti mbele ya mzee.

"Mzee, maneno matupu hayashibishi. Wacha uone mwenyewe vile fundi anaona."

Ukurasa ukafunguka. Bosibori aliona maua ya zambarau kabla ya kuona kitu kingine chochote. Alikuwa ametengeneza akaunti ya mfano kwa ajili ya siku kama hii, yenye wateja wa kubuni na vipimo vya kubuni na michoro ya vibonzo. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa akaunti ya Loice, na Gibson ameifungua kwa nenosiri la watengenezaji.

Alimpiga Gibson teke chini ya meza. Gibson akainama kama anayeokota kitu, akanong'ona, "Ile ya mfano ilikuwa imelala sana. Tulia, haina majina, haina sura." Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga, na huyu alikuwa amevaa hadi koti.

Mzee hakunawa. Alinyoosha kidole kile kile cha kuku na kuanza kuzisukuma picha. Mwili ukapita, mwingine ukapita. Kila alipogusa, mafuta yalibaki kwenye kioo, yakatandaa juu ya mapaja ya watu. Mwanzoni aliuliza maswali ya mtu wa biashara: fundi analipa vipi, simu ikipotea je. Halafu maswali yakaisha, na kidole kikapunguza mwendo.

"Kumbe mafundi huona mambo," alisema.

Gibson akacheka. Lo, kicheko kile. Bosibori alikuwa amefanya kazi na mtu huyu, amekula naye githeri sufuria moja, na hakuwahi kujua kwamba ana kicheko kama hicho, cha chini, cha mate.

"Huyu hapana," mzee aliendelea, akisukuma. "Huyu amechoka. Huyu naye ni ubao." Akasimama kwenye picha moja, akaivuta kwa vidole viwili ikakua ikajaza kioo. "Ngoja. Huyu hapa, Mungu alimshona bila haraka." Akashuka kwenye vipimo, akavisoma kwa sauti ile ile ya kusomea mafungu ya Biblia, kifua, kiuno, hipsi, akarudia hipsi. Kipande cha sukuma wiki kilikuwa kimenasa kwenye jino lake la mbele.

Bosibori aliangalia mkono wa picha ile. Kovu lilikuwa pale, la mviringo, karibu na kiwiko.

Mzee huyu alikuwa ameishi boma moja na mwanamke huyo, amekula maandazi yake asubuhi baada ya asubuhi, na hakulijua kovu lake. Angelijuaje? Heshima ilimkataza kumtazama. Heshima hiyo hiyo, iliyotakiwa kumlinda mwanamke, ndiyo iliyomwacha mzee ameketi hapa akimlamba kwa macho bila kumtambua. Na aliyemkata kichwa, akamfanya mtu asiye mtu, alikuwa Bosibori mwenyewe.

"Sasa mimi nimependa hii kazi," mzee alisema, akirudi kwenye kuku. "Pesa nitaweka. Lakini nitaweka kwa njia moja: hii kitu ikuwe pia kwa simu yangu. Yote, mafundi wote. Mtu akinunua ng'ombe lazima aingie zizini kuangalia."

"Hiyo si shida, mzee," Gibson akasema, hata hakumeza alichokuwa anatafuna. "Leo leo tunakuwekea."

Bosibori aliivuta tableti upande wake. Ilikuwa inateleza. Aliiweka pajani, uso chini, akasikia mafuta yakiingia kwenye nguo yake.

"Haiwezekani, mzee."

"Kwa nini, msichana wangu?"

"Loice anashonea Ekerenyo," alisema kwa adabu, kama binti anavyozungumza na baba. "Hapo ndani kuna watu wa boma lako. Walikuja kupimwa nguo za shukrani yako. Na huyo uliyemsifu ni mmoja wao."

Mvua ilisikika vizuri sana juu ya mabati ya jikoni.

Mzee Onsongo alifungua mdomo. Bosibori aliliona swali likija, likafika kwenye ulimi, na pale likakwama. Alikuwa na wakaza wana watatu. Ili kujua ni nani, ilibidi aulize, na kuuliza kulikuwa ni kuutaja tena mwili ule, sasa akijua kwamba ni wa mke wa mwanawe. Mdomo ukafungika. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akamwita mhudumu, akaomba maji ya moto, akanawa, akaomba mengine, akanawa tena hadi ngozi ya vidole ikakunjamana. Kisha akashusha mikono ya koti, akachukua kofia yake, akatoka bila kumwangalia mtu. Kuku akabaki nusu.

Kusema kweli, Bosibori alisikia utamu. Ulidumu kitambo kifupi tu, lakini aliusikia.

"Umetuua," Gibson alisema. "Mzee alikuwa tayari. Ungenyamaza tu, nani angejua?"

"Mimi ningejua."

"Wewe utakula hiyo kujua kwako?"

Bosibori alikuwa anamwangalia akilifuta koti la kuazima tone la mchuzi, kwa bidii, akilitemea mate kidogo ili litoke, na alijua kwamba hataweza tena kuketi chumba kimoja na mtu huyu. Pale pale mezani alizifuta picha zote za Loice, moja moja, akiupita mwili mmoja baada ya mwingine kwa kidole kilichoteleza juu ya mafuta ya mzee.

Kesho yake alipanda Ekerenyo akamweleza Loice kila kitu. Loice alisikiliza mguu ukiwa juu ya pedali ya cherehani, nguo ya kijani ikiwa bado chini ya sindano. Bosibori alipomaliza, Loice alimpa simu aiondoe ile programu.

"Ulisema ni mimi peke yangu," alisema.

Hakupandisha sauti. Hakumkaribisha chai pia, na Bosibori alitelemka kwenda barabarani akiwa na aibu ya mtu aliyefukuzwa kwa adabu.

Chumba kilifungwa mwisho wa mwezi. Bosibori aliziweka kompyuta kwa dada yake aliyeishi Nyamache, na hakutaka kusikia neno Mshono. Alijiambia kwamba angalau ameokoa kitu. Kama hakuiokoa kazi, ameiokoa heshima ya wanawake watatu. Alijiambia hivyo mara nyingi.

Halafu Loice akapiga simu, jioni ya siku ya shukrani. Hakusalimia.

"Nimetoka huko," alisema. "Nguo zilikaa vizuri, watu walisifu. Wale watatu walibeba chakula, wakafika mbele ya mzee, wakapiga magoti. Mzee akageuza uso. Mbele ya watu wote, mbele ya pasta. Akasema chakula iletwe na wale wapishi wa kukodisha. Akawaambia wakae jikoni, asiwaone."

Bosibori aliketi kitandani.

"Watu wameanza kuuliza hawa mabibi wamefanya nini. Mabwana wao pia wanauliza. Hakuna mtu anajua, na mzee hasemi, hawezi kusema. Yule mdogo amekuja hapa kwangu saa hii. Amevua nguo, ameikunja, ameniletea."

"Amesema nini?"

"Anauliza kama nilimshonea ikambana sana. Kama ni nguo ndiyo ilimwaibisha mzee." Nyuma ya Loice mwanamke mmoja alisikika akilia polepole, kama mtu asiyetaka kusumbua. "Yuko hapa sebuleni, Bosibori. Amekaa hapo kwa pazia. Niambie nimwambie nini."