Shemasi Aliyesaini Akiwa Kaburini

Katika nyumba ile ya nyaraka kila mtu hukosea isipokuwa Kalenda. Maneno hayo ni ya Kalenda mwenyewe. Aliyasema kila alipopata msikilizaji, na asipompata aliyaambia makabati. Wenzake walimpa jina hilo kwa dhihaka, yeye akalipokea kama cheo. Wengine wakitaka kujua hati ya Wakristo wa kale iliandikwa lini, hufungua majedwali, huvaa miwani, hukuna vichwa. Yeye hufumba jicho moja, kisha hutaja mwaka.

Mchana huo, kwenye saa nane hivi, alikuwa akimtambia shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye kazi yake pale ilikuwa kuunga hati zilizochanika.

"Saa tisa mabingwa watatu wanakuja kuiona barua yetu. Wanakuja kwa sababu ya nani?"

"Ya barua."

"Yangu mimi, shemeji!"

"Haya. Dada huniambia ana watoto watatu. Kumbe ni wanne, na mmoja ana ndevu."

Barua yenyewe ilikuwa fahari ya nyumba. Ilisainiwa na shemasi mmoja wakati wa Pasaka ya mwaka 394, na mwaka huo haukuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya saini: ni ya shemasi kweli, au mtu alimghushia? Ndipo kikapatikana kipande cha karatasi ya mafunjo, ukubwa wa kiganja, kinachotangaza kifo cha shemasi huyohuyo: Jumatatu, tarehe nane ya mwezi wa Thoti, mwaka wa 110 kwa hesabu ya Misri ya kale. Kalenda akafumba jicho lake. Septemba 394, akasema. Basi wakati wa Pasaka shemasi alikuwa hai, mzima, na barua ni halali. Mama mkurugenzi nusura ambebe mgongoni.

"Hiyo 110 unaigeuzaje?" shemeji aliuliza huku brashi ya gundi ikiwa mkononi.

"Unajumlisha 284. Walihesabu tangu Kaizari Diokletiano aliposhika madaraka. Hata mtoto wa chekechea anaweza."

"Na mwaka wao ulianza Januari kama wetu?"

"Wapi! Mwisho wa Agosti."

"Thoti ni mwezi wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Ahaa," shemeji akasema, akaenda kunawa gundi.

Kalenda akamcheka. Kicheko kikafika katikati, kikakwama kama mfupa.

Akainua vidole. Mwaka wa kwanza ulianza Agosti 284, sehemu yake kubwa ikaangukia 285. Ndiyo maana watu hujumlisha 284. Lakini Thoti hufungua mwaka. Thoti ya kwanza kabisa ilikuwa bado ndani ya 284. Mwezi huo hujumlishi 284, unajumlisha 283. Mia na kumi na 283...

Akahesabu tena. Vidole havikumwonea huruma. 393.

Akalivuta daftari la kazi na kutafuta maneno aliyoyaandika mwezi uliopita. Siku ile alipopiga hesabu ya 394, tarehe hiyo iliangukia Jumanne wala si Jumatatu. Naye, kwa wino mweusi na mwandiko wa kujidai, akaandika: *Mwandishi wa kale alikosea siku.* Sasa akaipiga ya 393, midomo ikimcheza.

Jumatatu.

Mwandishi yule maskini alikuwa sahihi miaka elfu moja na mia sita, akaja bingwa wa kufumba jicho kumsahihisha. Na shemasi? Shemasi alikuwa na miezi saba kaburini alipotia saini. Kalenda akaitazama barua ndani ya kabati lake la kioo. Saini ilionekana kama inamtazama pia. Chumba kilikuwa na jua tele, lakini nywele za shingoni zilimsimama.

Mlango ukagongwa, akaruka nusura aangushe kiti. Mkurugenzi akachungulia.

"Kalenda, wageni wamewahi, wako kwangu wanamalizia chai. Mmoja anataka kuyasoma mafunjo kwa macho yake. Nimemwambia kijana wangu hakosei, nimewaandikia na kusaini mwenyewe, jina langu ndilo dhamana. Lakini aje tu aburudike. Mbona umekuwa kama umepakwa majivu?"

Hapo ndipo pa kusema. Neno lilifika kwenye ulimi, likaona sura ya mama yule ilivyong'aa, likageuza njia.

"Njaa tu, mama."

"Dakika kumi," akasema, akaondoka. Viatu vyake vikahesabu ngazi, ko, ko, ko, na kila kimoja kilimkanyaga Kalenda kifuani. Aliona barua ikitolewa kwenye kioo. Alimwona mkurugenzi akisoma jina lake magazetini, na yeye mwenyewe akimweleza mkewe kwa nini yuko nyumbani saa nne asubuhi.

Kisha akaona jambo baya zaidi: njia ya kuponea. Neno Thoti lilikuwa ukingoni kabisa mwa kipande kile kilicholala mezani pake, na ukingo ule ulikuwa umeliwaliwa na wadudu. Wakiula kidogo zaidi, nani atajua? Bila mwezi, 394 haina wa kuipinga. Wadudu hawaitwi kutoa ushahidi.

Juu ya meza ya shemeji kulikuwa na kisu chembamba cha kubandulia karatasi. Alikichukua. Akainama, akashusha ncha, akakwangua. Chembe ya wino, ndogo kuliko ya pilipili manga, ikabanduka na kulala juu ya ukucha wake. Akaitazama. Mkono ukashuka tena.

"Shemeji."

Mdogo wa mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha maji, taulo mikononi, mikono imeshakauka zamani.

"Nafuta vumbi," Kalenda akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mimi niko hapa tangu ulipoinua vidole." Hakucheka. Tangu amjue, hiyo ndiyo mara ya kwanza hakucheka. "Nilikuwa nangoja nione kama utamwambia mama."

Kwenye ngazi viatu vilianza kupanda, sasa vingi, pamoja na maongezi na vicheko vya wageni.

"Usikiweke chini hicho kisu," shemeji akasema. "Wakukute nacho."